Mama Amepumzika

Mie nina ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali Dubai nzima inayoutibu: siwezi kusikia Kiswahili kikivunjwa nikanyamaza. Nimezaliwa Mombasa, nikalelewa na bibi ambaye ukikosea neno hakuitiki mpaka ulirudie vizuri, na tabia ile nilipanda nayo ndege nikaja nayo huku. Mtu akiniambia "hii maji iko baridi," kabla sijayanywa nitamwambia, "Maji haya ni baridi." Wenzangu walinizoea. Wengine walikuwa wakikosea makusudi wanichokoze, na mie nachokozeka kila mara.

Ndiyo maana chama chetu kilipotafuta katibu hawakuhangaika. "Mpeni huyu, angalau apate kazi ya kusahihisha," alisema mwenyekiti, mlinzi wa jengo, mtu wa Tanga. Watu wakacheka, nikapewa. Chama chenyewe ni cha watu wa kwetu, Wakenya, Watanzania na Waganda, na tunakutana Jumapili katika fleti ya zamani pale Al Baraha, sebuleni kwa bibi mmoja wa Kizanzibari anayetukaangia vitumbua. Kazi ya chama ni kusaidiana. Mtu akilazwa twamtembelea. Akifukuzwa kazi twamtafutia pa kulala. Mtu akifa twahangaika mpaka mwili wake ufike kwao. Habari zote hizo hupitia kwangu. Katibu akiandika kwenye grupu la chama, watu wanajua hilo ni neno la chama, si porojo.

Jambo jingine tunalofanya ni safari ya Khatt. Ni mji mdogo kule kaskazini, chini ya milima ya Ras Al Khaimah, una mitende mingi na chemchemi za maji moto. Watu wamekuwa wakienda kuoga pale tangu zamani sana kwa ajili ya magonjwa ya ngozi na mifupa. Joto la Dubai likipungua, chama hukodi basi dogo kikawapeleka wanachama ambao kazi imewala miili. Safari iliyopita ilikuwa zamu ya akina mama, na wa kwanza tuliyemtaja, bila ubishi hata kidogo, alikuwa Mama.

Tulimwita Mama tu kwa kuwa ndiye mkubwa wetu wote. Ni Mganda wa upande wa Mbale, mlokole, anasafisha sakafu na ngazi za duka moja kubwa, anaishi Muhaisnah kwenye mabweni ya kampuni. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Ukiwa sebuleni pale Al Baraha ulimjua akiwa bado yuko ngazini, mguu mmoja unakanyaga, wa pili unaburuta.

"Baada ya Pasaka naenda likizo," aliniambia siku tuliyopanga safari. "Mama yangu yuko mzee sana, roho yake iko dhaifu. Nimemwambia aningoje, asikufe kabla sijafika. Lakini sitaki anione nachechemea hivi, bambi. Atasema Dubai imekula mtoto wangu."

"Moyo wake ni dhaifu," nikamwambia. "Roho ni kitu kingine."

"Kale, moyo," akasema, kale ya Kiganda, yaani sawa, akatabasamu.

Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu ananieleza habari ya mama yake, na mie namtengenezea sentensi. Hata leo nikikumbuka uso unanichoma.

Tukaondoka asubuhi, wanawake watupu, dereva Mpakistani ambaye Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "pole pole". Waganda waliimba mapambio, Mzanzibari wetu akasema nyimbo hizo zitamfanya aokoke bila kutaka, na sufuria la biriani lilikaa katikati kama abiria mwenzetu. Mama alikaa karibu nami. Njia nzima alikuwa akinionyesha simuni picha ya mama yake, kikongwe mwembamba ameketi juu ya mkeka, macho ameyakaza kana kwamba aliyempiga picha amemkosea. "Huyu ni mkali," Mama alisema. "Kama wewe."

Bwawa la wanawake lilikuwa limejaa mvuke na wanawake wa Kiarabu wa makamo waliotulia kimya majini. Sisi tukaingia na kelele zetu. Mmoja kapiga yowe maji yanaunguza, mwingine anamvuta mwenziwe kwa mkono. Pembeni bibi mmoja mzee, Mwarabu mweupe kabisa, akageuza shingo.

"Nyie watoto wa wapi nyie?" akasema, kwa Kiunguja safi. "Mbona mnapiga kelele kama mko sokoni Darajani?"

Tukaganda. Kisha tukapasuka kwa kicheko. Kumbe kazaliwa Unguja, akaja huku msichana, na lugha hakuiacha. Mie nilimpenda papo hapo. Nilisogea karibu naye nikamwamkia shikamoo, nikamsikiliza kama mtu aliyepata redio ya kwao.

"Zamani watu wakija hapa kwa punda na ngamia," alituambia. "Wanapiga mahema kwenye mitende, wanakaa siku chungu nzima. Nyie mnakuja asubuhi, jioni mnataka mmeshapona." Akamtazama Mama, aliyekuwa amezama mpaka kifuani, amefumba macho. "Na huyo asikae sana. Maji haya yanalegeza mwili. Mtoeni, mlazeni, apumzike."

Tukamtoa. Alisimama ukingoni, akakunja goti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Banange!" alisema, yaani jamani. "Hailii!" Maana magoti yake yalikuwa na mlio, sote tulikuwa tukiusikia. Akatembea mpaka chumba cha kubadilishia nguo na kurudi, akiringa, sisi tunampigia vigelegele. Kisha usingizi ukamshika. Tukamlaza kwenye benchi la chumba kile, nikamfunika kanga yangu.

Nikatoa simu kwenye mkoba. Grupuni watu walikuwa wakiuliza habari za Mama, hasa mpwa wake, mtoto wa dada yake, mlinzi katika jumba moja refu huko mjini. Tangu asubuhi anauliza: mmefika? Mama yuko sawa? Nikaandika: "Mama yetu amepumzika, alhamdulillahi. Maumivu yamekwisha."

Nikaisoma mara ya pili kabla ya kuituma, kama kawaida yangu. Haikuwa na kosa. Nikaipenda hata, ilivyokaa. Nikaituma, nikarudisha simu mkobani, mkoba nikampa mwangalizi wa mlangoni, kwa sababu simu haziruhusiwi bwawani kwa wanawake. Nikarudi majini kwa bibi yangu wa Kiunguja.

Na nilikaa. Lazima niseme hivyo. Nilikaa mpaka vidole vikakunjamana. Tulizungumza habari za mapishi, za maneno ambayo siku hizi watu hawayajui, nikacheka mpaka machozi. Sijafurahi hivyo tangu nifike nchi hii. Raha ile bado naikumbuka, na kila nikiikumbuka najua nyumbani kwa Mama wakati huo kulikuwa na nini.

Nilipotoka na kuchukua simu, grupu lilikuwa limefurika. "Pole." "Poleni wote." "Pumzika kwa amani." "Inna lillahi." Nikashtuka. Nikapekua juu haraka haraka, sioni jina. Nikaandika: "Jamani poleni. Nani amefariki?"

Kisha mwenyekiti akaandika: "Katibu, si wewe ndiye uliyetuambia? Mwili uko wapi?"

Chini yake mtu alikuwa ameweka picha ya Mama, na pembeni ameichorea mshumaa.

Kwanza nilipandwa na hasira. Ndiyo, hasira! "Ebo! Nani kawaambia mtu akipumzika amekufa?" nilisema kwa sauti, pale pale chumbani, na Mama mwenyewe amekaa kwenye benchi anamenya ndizi. "Kwetu mtu akipumzika amepumzika! Akifa twasema kafa!"

Mzanzibari wetu akachukua simu yangu, akasoma. Uso ukambadilika.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hawa wa kanisani ndivyo wasemavyo. Amepumzika katika Bwana. Halafu umewaambia maumivu yamekwisha. Hata mie ningelia."

Miaka yote nimekaa na Waganda, na Wakenya wa bara, nimekwenda nao mazishini, nimesikia wakisema "Mungu amempumzisha", na mie mwenye kujua maneno yote sikukumbuka hilo moja. Nyani haoni kundule. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mie nilikuja pale kuwatibu waliojikwaa miguu.

Mama alituuliza kuna nini. Nikamwambia. Sikuwa na namna nyingine ila kumwambia.

Alicheka. Aliweka ndizi chini akacheka akijipiga paja. "Mimi nimekufa? Banange! Na goti limepona!" Kisha kicheko kikakatika katikati, nikaona kimekatika. "Huyu mtoto wa dada yangu," alisema. "Amepigia nani?"

Alikuwa amepiga kwao. Angefanya nini kingine? Katibu wa chama kaandika. Mpwa alimpigia mama yake, mama yake akapiga yowe nyumbani, na kikongwe yule alikuwa ameketi pale pale mkekani.

Tukaanza kupiga. Kila namba inalia bila kupokelewa. Nyumba yenye msiba, nani anashika simu? Dereva anabisha hodi nje, "Yalla, sister, khalas, yalla," nikamfokea maskini wa Mungu asiye na hatia. Mama alipiga, akakata, akapiga tena. Mwishowe dada yake akapokea, akasikia sauti, akapiga ukelele na simu ikaanguka. Alipopigiwa tena akasema wameshamkimbiza mama yao hospitali. Alianguka aliposikia.

Kurudi Dubai hakuna aliyeimba. Biriani halikuguswa. Nililia njia nzima nimegeukia dirishani, na yule niliyemuua mdomoni mwangu ndiye aliyekuwa akinipapasa goti. "Nyamaza, mwanangu," alisema. "Umekosea tu." Ningefurahi angenipiga kofi.

Jioni, tukiwa tumeshafika Al Baraha, dada mtu akapiga kutoka hospitali. Kikongwe amefungua macho. Mama akashika simu kwa mikono miwili, akaongea lugha yao, sote tumemzunguka. Alitueleza baadaye waliyosemezana. Mama yake aliuliza, nani huyo? Akajibu, ni mimi. Mama yake akasema, wewe umekufa, nimeshakulilia. Akajibu, mama, niko hapa, naongea na wewe. Kikongwe akasema: simu inadanganya, njoo nikushike.

Basi tukajua la kufanya. Aende sasa, asingoje Pasaka. Nilifuatana naye mwenyewe mpaka ofisi ya kampuni yake, nimevaa nguo nzuri, nimejiandaa kusema Kiingereza changu chote. Tukapokewa na bwana mmoja mpole. Nilimweleza kosa lilikuwa langu, mama wa watu yuko kitandani, anataka kumshika mwanawe. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Inshallah," alisema. "Baadaye kidogo, tukipata watu. Inshallah."

Nje Mama aliniuliza, "Amesema ndiyo?"

Yeye mlokole, kwake kumtaja Mungu ni kuahidi. Mie nimekua na neno hilo mdomoni, na nimekaa huku vya kutosha kujua bosi akilitamka namna ile anamaanisha nini. Nilimtazama anavyoningoja. "Amesema inshallah," nikamjibu. Sikuthubutu kumfasiria.

Tulirudi ofisi ile tena, na tena. Mwenyekiti naye alikwenda. Inshallah. Grupuni nilijiuzulu ukatibu, wakakataa. Wakanitania, ndivyo watu wa kwetu wanavyosamehe. Mtu akisema anakwenda kulala, mwingine anaandika, "Usipumzike lakini!" Watu wanacheka. Mie niliandika kicheko pia, na moyo unaniuma.

Kila Jumapili nilimuuliza Mama habari za kwao, na kila Jumapili alinijibu kwa upole, "Yuko, anangoja." Lakini dada yake, niliyekuwa nimechukua namba yake, aliniambia zaidi. Tangu siku ile bibi hakusimama tena peke yake. Kabla ya hapo alikuwa akienda shambani kupalilia maharage. Sasa alikuwa akishtuka simu ikilia, akiuliza, amekufa nani? Sikumuuliza daktari wao kama ni mie. Niliogopa jibu.

Nikawa sisahihishi mtu. Watu waliona. "Katibu, hii maji iko baridi," walinijaribu. Nikanywa, nikanyamaza.

Pasaka ikakaribia. Mama alinunua gauni la kitenge, akaja kutuonyesha. Magoti yalikuwa hayajarudi kuuma. Maji yale yalimsaidia kweli, au pengine yule bibi wa Kiunguja alikuwa na dua nzuri. Alitembea sebuleni kwenda na kurudi, mgongo umenyooka. "Ataniona hivi," alisema.

Halafu ikaja Jumapili moja, nimefika Al Baraha mapema kumsaidia mwenye nyumba na vitumbua. Nikasikia hatua ngazini, za mtu mzima, zimelingana, moja baada ya nyingine, hazina haraka. Sikujua ni nani. Nikafungua mlango, nikamkuta Mama.

"Mama amekufa," alisema. "Jana jioni."

Nililia mie kabla yake. Ilikuwa aibu, mfiwa amesimama mlangoni ananishika mie mabega. Mwenye nyumba akamkalisha, akamletea maji, akaanza kumsomea dua kwa sauti ya chini. Mama alituambia kampuni imeshampa ruhusa. Alikwenda kuwaambia kuna msiba, wakampa pale pale, kesho anasafiri. Ruhusa ya kumzika ilipatikana siku moja. Alilisema hilo bila uchungu, kama anavyosema mambo yote.

"Wewe ndiye katibu," akaniambia. "Andikia watu."

Nikashika simu. Amefariki. Ameaga dunia. Ametutoka. Ametangulia mbele ya haki. Maneno yote ninayo, bibi yangu alinijaza nayo tangu utotoni, na vidole havikutaka kuandika hata moja.

"Andika amepumzika," Mama akasema.

"Mama, neno hilo silitaki tena."

"Andika. Hiyo neno ilikuwa ya mama yangu. Ilipotea njia tu, ikakuja kwangu kwanza."

Sikumsahihisha. Niliandika: "Mama mzazi wa Mama yetu amepumzika." Nikatuma. Nikakaa naitazama. Niliona wanaisoma, mmoja, wawili, watano, kumi, na hakuna aliyejibu. Sijapata kuona grupu limenyamaza hivyo. Mwishowe mwenyekiti, mtu wa watu, ambaye hana ubaya na mtu yeyote, akaandika: "Samahani katibu. Amelala, au amefariki?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaificha simu kifuani, lakini Mama alikuwa ameshaona. Akanyoosha mkono, nikampa. Aliandika taratibu kwa kidole kimoja, midomo inamfuata kila herufi, kisha akanirudishia.

"Ni mimi Mama. Mama yangu amekufa kweli. Katibu hana makosa."

Pole zikaanza kuingia. Kesho yake tulimsindikiza uwanja wa ndege, akaenda kwa miguu yake, na gauni lake la kitenge, hageuki nyuma. Ujumbe wangu wa kwanza, ule wa Khatt, niliufuta siku ile ile. Huu wa kwake ningali nao. Huusoma mara kwa mara, kwa macho yale yale niliyozoea kuwasomea wenzangu. Herufi zote ziko mahali pake. Una kosa moja tu, mie nalijua, na si la sarufi.